Amekuita kwa Majina Matatu

Simu inaita saa nne asubuhi, namba ngeni. Unapokea. Upande wa pili kuna sauti ya kijana, tulivu, yenye adabu: "Shikamoo, mama." Unaitikia. Kisha anakutaja: jina lako, la baba yako na la babu yako, kwa mpangilio uleule wa kitambulisho. Anajua kwamba jana mchana ulitoa shilingi 180,000 kwa wakala. Anasema anapiga kutoka makao makuu ya mtandao wako wa simu. Namba yako ya NIDA imetumika kusajili laini isiyo yako, naye yuko hapo kukusaidia kuifungia. "Kuna ujumbe umeingia sasa hivi, mama, una tarakimu sita. Hebu nisomee."

Ukiniuliza mimi, umeshapigwa kabla hujasoma hata tarakimu moja. Umepigwa pale ulipojisemea moyoni: huyu ananijua. Hela zinazotoka baadaye ni matokeo tu. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na namba ya siri, ambayo umeshaambiwa mara elfu usimpe mtu. Unaanza na hilo "ananijua", kwa sababu watu waliosikia matangazo yote ya redio, wenye shahada zao na vyeo vyao, bado wanalizwa kila wiki kwa neno hilo.

AMEJUAJE?

Jina ndilo linalotisha kuliko vyote, nalo ndilo rahisi kupatikana kuliko vyote. Chukua simu yako, ingia kwenye menyu ya kutuma pesa, andika namba ya mtu yeyote, weka shilingi 1,000. Kabla hujathibitisha, mtandao utakuonyesha jina la mwenye namba ili usije ukakosea. Sasa futa muamala. Hujatumia hata senti, na umeshajua laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Utaratibu huo uliwekwa kwa nia njema, na umeokoa hela za wengi waliokosea tarakimu moja. Lakini maana yake nyingine ni kwamba yeyote mwenye namba yako ya simu ana jina lako pia. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Tanzania, Mei 2019, jina hilo ni la kitambulisho cha taifa, si lile la utani ambalo zamani wengi walijisajilia.

Tarehe ya kuzaliwa je? Itazame namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila ulipoacha kopi ya kitambulisho, umeiacha na tarehe hiyo. (Kama namba yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa, acha kusoma hapa, kaibadilishe, kisha urudi.)

Ile 180,000 ya jana nayo haikuhitaji mchawi. Wakala ana daftari mezani: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Daftari hilo liko wazi kwa kila anayesubiri zamu yake, na kupiga picha ukurasa mmoja ni kazi ya sekunde mbili. Simsemi wakala vibaya. Wengi wao wamelizwa mara nyingi kuliko wateja wao. Nasema tu kwamba ukipigiwa simu saa moja baada ya muamala, na mpigaji anajua kiasi, huo si ushahidi kwamba yuko makao makuu ya mtandao. Huenda alikuwa nyuma yako kwenye foleni.

Halafu kuna karatasi. Niliwahi kununua karanga kituo cha daladala, na nilipofungua ile karatasi nikakuta ni fomu ya mkopo ya mtu. Jina kamili, namba ya simu, mtaa anaokaa, jina la mdhamini, sahihi, na kapicha kadogo kalikolowa mafuta kwenye kona. Sijui fomu ile ilitoka ofisi gani, wala haina maana kuitafuta. Ofisi zetu zina makabati ya fomu kama hizo, na siku kabati linapojaa, mtu huuza karatasi kwa kilo. Ongeza kitabu cha wageni getini kwenye kila jengo la ghorofa, ongeza steshenari ambako umeacha kitambulisho chako kwenye mashine ya kopi ukaenda kununua maji.

Na sisi wenyewe tumo. Nani hajaona orodha ya michango ya harusi kwenye kundi la WhatsApp? Jina, namba ya simu, ahadi, alichotoa, anachodaiwa, na juu kabisa jina la mweka hazina na namba ya kutumia pesa. Tapeli akiingia kwenye kundi la namna hiyo kwa siku moja, hana haja ya kudukua kitu, kamati imeshamwandalia. Kundi la wazazi wa darasa la tatu ni hivyo hivyo: humo kuna jina la shule, la mwalimu, la mtoto, na siku ya safari ya Bagamoyo.

Mwisho kuna programu za mikopo ya haraka, zile zinazokuomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi kwenye simu kabla hazijakupa shilingi 20,000. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kuzipiga marufuku ni sawa; lakini majina yaliyokwisha kusomwa hayarudi kwenye simu zilikotoka. Tena si yako tu. Ukikopa huko, umeigawa na namba ya shangazi yako ambaye hajui hata programu ni nini.

Kwa hiyo jizoeze kuzihesabu taarifa hizi, yaani jina, tarehe ya kuzaliwa, mtandao unaotumia, shule ya mwanao, muamala wa jana, kama matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Anayezisoma kwa sauti amethibitisha jambo moja tu: anajua kusoma.

KOKORO NA MSHIPI

Utapeli wa simu kwetu una mitego ya aina mbili, na watu huichanganya. Ule ujumbe wa "Ile hela tuma kwenye namba hii" au "Mimi mwenye nyumba wako, simu yangu imeharibika, kodi nitumie hapa" ni kokoro. Unakokota kila kitu. Aliyeutuma hakujui kabisa. Ametupa kwa maelfu akitegemea kwamba kati yao yuko mmoja ambaye kweli leo anadaiwa kodi. Huo umeshauzoea, pengine hata unaucheka.

Simu inayotaja jina lako ni mshipi. Ina chambo chako peke yako. Na kazi ya chambo haiishii kukutisha. Msikilize vizuri mpigaji anavyouliza: "Namba yako ya NIDA inaanza na 1984, sivyo? Malizia kwa usalama wako." "Kadi yako ya benki inaishia na ngapi, 17 au 71?" Anakupa nusu ili umpe nusu. Anapokosea kidogo, mara nyingi amekosea makusudi, kwa sababu binadamu hawezi kuvumilia kosa, atalisahihisha. Ukishasahihisha, umempa kitu ambacho dakika moja iliyopita hakuwa nacho, na kesho atampigia mwenzio au benki yako akiwa na nusu mbili.

Jibu lake ni dogo: usikubali, usikatae, usisahihishe. Akikutaja majina matatu, mwambie, "Sema shida yako." Akiuliza kama wewe ndiye, mwambie tena, "Sema shida yako." Mtu mwenye shida ya kweli ataisema.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa ng'ambo haiwezi kuligusa, nalo ni adabu yetu. Sisi hatukati simu. Mtu amekupa shikamoo, umeitika marahaba, ameuliza hali ya nyumbani. Tayari mmeshakuwa watu. Kukata hapo, bila kuagana, ni kama kumfungia mgeni mlango usoni. Tapeli anajua hilo kuliko wewe. Akipigia mtu mzima anakuwa mtoto wake: shikamoo mama, samahani mama, usiwe na wasiwasi mama. Akipigia kijana anakuwa mkubwa: mimi afande fulani wa kituo fulani, mimi mwalimu wa zamu. Shikamoo ya kwanza inakuweka mahali, na ukishawekwa mahali unaona aibu kuondoka. Kwa hiyo jiandalie sentensi moja ya kuagana, ya heshima, ambayo utaitumia bila kufikiri. Yangu ni hii: "Asante, nitapiga mwenyewe." Kisha nakata. Sisubiri aniruhusu. Kwa mpigaji wa kweli sijamtukana, na yule wa uongo hana heshima ninayomdai.

KATA, KISHA PIGA WEWE

Watu huniuliza watamtambuaje tapeli kwa sauti. Huwezi. Wako wenye lafudhi ya ofisini kuliko watu wa ofisini, na nyuma yao utasikia kelele za simu nyingine zikiita, kama kituo cha huduma kwa wateja kweli. Siku hizi akili mnemba inaiga hata sauti ya mtu unayemfahamu. Ripoti za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro mstari wa mbele kwa majaribio ya utapeli, lakini namba inayoingia kwenye kioo chako haiandiki mkoa. Achana na upelelezi wa sauti. Kinachofanya kazi ni kugeuza upande wa simu: yeye alikupigia, sasa piga wewe, kwa namba uliyokuwa nayo kabla hajakupigia.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo uzito wote. Si namba aliyokupigia. Si namba aliyokutajia "ukitaka kuhakikisha." Wala si namba uliyoiokota kwenye ukurasa wa Facebook wenye nembo ya benki, kwa maana kurasa bandia za huduma kwa wateja zipo tele, na ukiandika malalamiko hadharani wao ndio wa kwanza kukujibu. Kwa mitandao ya simu Tanzania, namba ya huduma kwa wateja ni 100. Kwa benki, igeuze kadi yako nyuma. Namba imechapishwa pale. Kwa shule, iko kwenye fomu ya kujiunga au ripoti ya mtoto. Kwa mwenye nyumba, nenda kwake kama uko karibu, au mpigie kwa ile namba ya miaka yote. Kama kuna tatizo la kweli kwenye laini yako, utakayempata kwa 100 ataliona. Kama halipo, utakuwa umepoteza dakika kumi za kusikiliza muziki wa kungojea.

Kuna mambo matatu ambayo hata ukiwa bado hujakata hupaswi kuyafanya kwa maelekezo ya sauti ngeni, hata kama unamwamini.

La kwanza ni kusoma tarakimu zilizoingia kwa ujumbe. Tarakimu hizo ni ufunguo wa mlango ambao mtu anausukuma wakati huohuo. Kama ni za WhatsApp, akizipata anahamishia akaunti yako kwenye simu yake, na baada ya robo saa ndugu zako wataombwa hela kwa jina lako na picha yako. Dawa yake inawekwa kabla: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, na uweke namba ya siri utakayoikumbuka.

La pili ni kubonyeza msimbo unaotajiwa. Hapa wengi hawajui hatari, ndiyo maana nakaa kidogo. Ukibonyeza nyota mbili, 21, nyota, kisha namba ya simu, kisha reli, umeiamuru laini yako ipeleke simu zako zote kwa namba hiyo. Simu yako itatulia mezani kama kawaida. Anayekupigia atapokelewa na tapeli. Na kwa kuwa WhatsApp na baadhi ya benki huweza kukupa tarakimu za uthibitisho kwa kukupigia badala ya kukutumia ujumbe, tarakimu hizo zitasomwa sikioni kwake, wewe ukiwa hujatamka neno. Kujua kama umeshafanyiwa hivyo, bonyeza *#21#. Kioo kitakuambia kama simu zako zinapelekwa mahali. Ukikuta zinapelekwa na si wewe uliyetaka, bonyeza ##002# kufuta njia zote za kuhamisha simu. Ni misimbo ya kawaida ya mitandao ya simu, haitaki intaneti, na inafanya kazi hata kwenye kile kitochi cha babu.

La tatu ni kupakua programu ili "fundi" aione simu yako kutoka alipo. Hakuna mtandao wa simu wala benki yenye haja ya kuangalia kioo chako.

Na kuna ule mchezo wa "nimekosea kutuma." Unaingia ujumbe kwamba umepokea shilingi 95,000, kisha anapiga mtu analia: ni ada ya mtoto, nirudishie tafadhali. Jina lako analo, analitamka kwa kubembeleza. Usiutazame ujumbe, ujumbe wowote unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Tazama salio lako kwa kuingia mwenyewe kwenye menyu. Kama hela hazipo, mchezo umekwisha. Kama zipo kweli, bado usizitume kwa mkono wako: mwambie apige 100 aombe muamala urudishwe, na wewe usiziguse. Mtandao una njia ya kurudisha. Huruma yako si sehemu ya njia hiyo.

SIMU YA SHULENI

Katika zote, hii ndiyo mbaya, na ndiyo ninayoiogopa hata mimi ninayeandika. "Wewe ni mzazi wa fulani? Mimi mwalimu wa zamu. Mtoto ameanguka, anatoka damu puani, tupo hospitali. Daktari anahitaji vipimo sasa hivi, tuma laki moja na nusu kwenye namba hii ya nesi." Jina la mtoto ni sahihi. Darasa ni sahihi. Nyuma kuna mtoto analia. Hakuna mzazi anayekumbuka mwongozo wa gazeti wakati huo.

Kwa hiyo usitegemee akili ya wakati huo. Weka mambo kabla. Leo hii hifadhi kwenye simu yako namba za watu wawili wa shuleni, si mmoja: mwalimu wa darasa na mwingine, hata mlinzi wa getini, maana mlinzi hupokea simu kuliko mwalimu mkuu. Mhifadhie na mwenzio. Mkubaliane kwamba ikija simu ya namna hiyo, mmoja anapiga shuleni na mwingine anaanza safari. Hakuna anayetuma hela kabla hamjaongea. Kwenda mwenyewe hakujawahi kumdhuru mtoto mgonjwa.

Ukishindwa kukata, basi uliza swali ambalo halimo kwenye fomu yoyote wala kundi lolote. Si "amevaa nini," kwa sababu amevaa sare. Uliza leo asubuhi aliletwa na nani. Uliza yule dada yake mkubwa yuko darasa la ngapi, wakati hana dada. Tapeli atakasirika, ndiyo kawaida yao wakibanwa, wanakugeuzia kibao: "Mama, mtoto anakufa wewe unauliza maswali!" Mwalimu wa kweli atasema hajui.

Kwa watoto wakubwa walio vyuoni, na kwa ndugu walio mbali, mchague neno la nyumbani. Jina la mbuzi mliyemfuga, jina la utani la bibi, chochote ambacho hakijawahi kuandikwa mahali. Anayeomba hela kwa dharura akiwa na namba ngeni alitaje kwanza. Kwetu tulianza kwa utani, na mdogo wangu wa Mwanza alinuna alipoulizwa mara ya kwanza. Sasa analitaja kabla ya salamu.

Wazazi wetu wazee wanahitaji namna nyingine. Usimpe mama yako somo la teknolojia, na usimcheke akilizwa, kwa maana ukimcheka, mara ya pili hatakuambia. Mpe kazi moja tu: "Mtu yeyote akikutajia hela au namba kwenye simu, mwambie mambo ya hela nimemwachia mwanangu, halafu nipigie." Sentensi hiyo inamwondoa mzigo na kumhifadhia heshima yake, na tapeli hana la kuijibu.

KAMA UMESHATOA

Hapo ni kukimbizana na muda, na aibu ndiyo inayokula muda huo. Kama umetuma hela, piga 100 dakika hiyohiyo, ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala, uombe izuiwe kabla haijatolewa. Ikishatolewa kwa wakala, uwezekano wa kuirudisha ni mdogo sana. Kama umetaja namba ya siri, ibadilishe kabla hujafanya kingine. Kama ni taarifa za benki, ipigie benki isimamishe kadi na huduma ya simu.

Dalili moja usiidharau: simu yako ikikosa mtandao ghafla mahali ambapo jirani yako anao, na ukiizima na kuiwasha haurudi, inawezekana kuna mtu ameirudisha laini yako kwenye kadi nyingine kwa jina lako. Hapo laini yako iko mkononi mwake, na tarakimu zote za benki zinaingia kwake. Azima simu ya mtu uipigie benki kwanza, kisha kimbia duka la mtandao ukiwa na kitambulisho chako.

Baadaye, ukiwa umetulia, nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Najua, kuna wanaosema ni kupoteza nauli. Lakini bila RB benki na mtandao hawatakusikiliza kwa uzito, na siku laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumika kumwibia mwingine, RB ndiyo itakayoonyesha kwamba ulilalamika kabla. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo, ufuate maelekezo utakayojibiwa.

Halafu jiandae kwa simu ya pili. Siku tatu au nne baadaye atakupigia mtu anayejitambulisha kuwa ni wa kitengo cha makosa ya mtandao: hela zako zimeonekana, zimezuiwa, lipia kidogo zitolewe. Atakutajia kiasi kamili ulichoibiwa na saa uliyoibiwa. Anavijua kwa sababu aliyeiba ni yeye, au amenunua orodha kwa aliyeiba.

Msomaji wa Kenya, mengi ya hapa ni yako pia. Ninyi mna hata utani wake, mtu akipigiwa simu ya ajabu husema ni watu wa Kamiti, lile gereza. Kama laini yako ni ya Safaricom, kampuni hiyo imetangaza miaka mingi kwamba huwapigia wateja wake kwa 0722 000 000 pekee, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa 333 bila malipo. Hata hivyo kanuni ni ileile: jina la kampuni likitokea kwenye kioo, kata, piga wewe.

Kuhusu kupunguza kinachovuja, sitakudanganya kwamba unaweza kukirudisha. Unaweza kukipunguza. Kama una laini mbili, na Watanzania wengi tunazo, moja iwe ya benki na hela tu, isiandikwe kwenye fomu wala kwenye kundi lolote. Nyingine ndiyo ya getini, ya harusi na ya matangazo ya kuuza kiti. Mtu akikupigia "kutoka benki" kwa ile ya pili, umeshajua. Ukitoa kopi ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu, kukatiza maandishi, imetolewa kwa kazi gani na tarehe gani. Waombe kamati za michango waandike majina bila namba. Watanuna, lakini mweka hazina anazo tayari.

Sheria nayo imeanza kuwa upande wako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Una haki ya kuiuliza ofisi ina taarifa gani zako na inazifanyia nini, na haki ya kukataa zisitumike kukutangazia biashara. Kenya wametangulia kwa sheria ya 2019, na Septemba 2023 mdhibiti wao aliipiga faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni ya mikopo ya mtandaoni, Mulla Pride, kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kuwasumbua wasiohusika kwa simu na ujumbe. Tapeli hataogopa faini. Ofisi inayomwachia karatasi, ndiyo, itaogopa.

Limebaki jambo moja, nalo lifanye leo kabla hujalala. Wale vijana wa kusajili laini barabarani, chini ya miavuli, baadhi yao wakishakuwekea kidole kwenye mashine husema, "Haijasoma, weka tena." Unaweka tena, na mara ya pili huenda umesajili laini nyingine ambayo hutaiona. Piga *106#, ufuate maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo kwa kila mtandao unaoutumia. Usiyoitambua, nenda nayo dukani wakaifute, usikubali kuambiwa urudi kesho.

Mimi nilipopiga mara ya kwanza nilikuta namba moja ambayo sijawahi kuimiliki. Ilikuwa na miezi kumi na minne. Waliifunga siku ileile, na mpaka leo sijui ni nani aliyekuwa akiwapigia watu kwa jina langu.